Ukuta wa Mama Felista

Aika wangu,

Kabla sijazaliwa mimi, Mlima Kilimanjaro ulikuwa haujawahi kujiona. Fikiria mwenyewe: mlima mkubwa namna ile, watu wanapanda ndege mbili tatu kuja kuutazama, na wenyewe haujui una sura gani. Ni mimi, Aloyce, mtu wa kidato cha pili na nusu, niliyeusimamishia kioo. Asubuhi isiyo na wingu nenda kasimame barabarani pale Rau, mlima uupe mgongo, tazama lile jengo la ghorofa sita. Utaiona Kibo ukutani na theluji yake yote, kwenye paneli nilizozifunga kwa mikono hii hii. Niambie mhandisi gani na vyeti vyake amewahi kufanya hivyo. Hayupo. Mungu alipomaliza kuumba mlima alisahau kioo, akaniachia mimi.

Najua umefika hapo umesonya. Sonya tu, nimezoea. Ni afadhali msonyo kuliko ule ukimya wako wa siku hizi.

Saa hizi ni saa kumi jioni. Wewe umepanda Marangu kumuaga bibi yako, na ninavyomjua mama yangu utashuka na kuku hai aliyefungwa miguu, eti wa kula njiani, kama vile basi la Mbeya lina jiko. Begi lako liko mlangoni tangu juzi. Leo nimelizunguka mara nyingi kama mbwa anayemnusa mgeni. Sikuandikii habari za sweta wala za kufunga mlango wa bweni huko chuo cha uuguzi. Hayo unayajua kuliko mimi tangu ukiwa darasa la nne, maana kama nyumba hii ingeachiwa mimi, tungekuwa tunakula mkate na chai mpaka leo.

Nakuandikia kwa sababu ya ngazini. Wiki tatu zilizopita, kwenye ngazi za jengo lile, uliweka ndoo chini ukaniuliza, "Baba, ulijua?" Nami nikakujibu, "Mimi najua kila kitu, mpaka umri wa mlima." Nikangoja ucheke. Ukachukua ndoo yako ukapanda. Tangu siku ile maneno yako kwangu ni mawili: "chakula kipo" na "maji yamekatika." Nyumba ina watu wawili, na hao wawili wanakula kwa zamu. Kesho alfajiri anabaki mmoja. Sitaki uondoke na ule utani mkononi badala ya jibu. Na nimeamua kuandika kwa sababu nikifungua mdomo najijua, nitaanza na mlima tena.

Basi nivumilie, nianzie mbali kidogo.

Ulizaliwa nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa mpagazi, nabeba mizigo ya watalii kutoka Marangu kwenda juu, na kila niliporudi niliwaambia vijana kwamba nimefika kileleni. Nilikuwa sijafika. Wapagazi tulikuwa tunaishia kambi ya mwisho, wanaopanda usiku ni wageni na kiongozi wao. Lakini nilielezea kilele vizuri mpaka viongozi wenyewe wakawa wananisikiliza. Siku moja mmoja akaniuliza mbele ya watu, "Aloyce, ukifika pale juu kile kibao kiko mkono gani?" Nikasema kulia, kumbe unakikuta mbele yako. Wakacheka mpaka pombe ya mbege ikamwagika. Kesho yake nikashuka mjini, nikasema mlima umenichosha. Huyo ndiye baba aliyekuwa akikubeba mgongoni.

Mjini nikaangukia kwa Mzee Jagjit, yule Singasinga mwenye karakana ya alumini, aliyekuwa akikupa pipi za tangawizi. Yeye ndiye aliyenifundisha kukata, kukunja na kutoboa. Alikuwa akisema, "We Aloyce, mdomo wako unakata haraka kuliko msumeno wangu." Nami namjibu, "Mzee, lakini msumeno wako unakula umeme." Alinipenda yule mzee, aisee. Alinipiga kofi moja tu katika miaka tisa, na sababu yake nitaifikia.

Mama yako aliondoka ukiwa na miaka saba. Umekua ukiamini tulishindwana kwa sababu ya maisha magumu, maana mimi ndiye niliyekupa hadithi hiyo. Ukweli ni kwamba alikuwa akiniuliza jambo dogo, kwa mfano, "Baba Aika, ile kazi ya Arusha umepata au hujapata?" Nami namwambia, "Arusha yenyewe inaniomba." Alicheka mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili akatabasamu. Mwishoni alikuwa ananitazama tu, kama unavyonitazama wewe siku hizi, na siku anapanda gari la Tanga aliniambia, "Aloyce, sijawahi kukuuliza kitu ukanijibu." Nikamjibu, "Si hiki umeniuliza sasa?" Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia mke wangu. Ana watoto wengine sasa, na mume anayejibu anapoulizwa.

Sasa nije kwenye ukuta.

Bosi aliyejenga lile jengo alinitafuta mwenyewe. Alikuwa ameona kazi yangu kwenye kuta za mbele za maduka mjini. Alikuwa anajenga fleti za kuuza, fleti kumi na nane, na alitaka jengo zima livalishwe paneli. Unazifahamu: mabamba mawili membamba ya alumini, katikati kuna kitu kimejazwa kama siagi kwenye mkate. Siri yote iko kwenye hiyo siagi. Ipo ya kijivu isiyoshika moto kirahisi, na ipo nyeusi, ambayo ni plastiki tu. Kwa nje zinang'aa sawasawa. Mchoro wa jengo ulisema ya kijivu.

Makasha aliyoyaleta bosi yalipofunguliwa nikakata paneli ya kwanza. Katikati kulikuwa kweusi.

Siku ya pili ya kazi mama lishe wetu aliokota vipande vilivyobaki akakingia jiko lake upepo. Alikuwa anapika mtori wa ndizi. Mara tukasikia anapiga kelele, "Jamani, bati lenu linalia!" Tukaenda. Kipande kilikuwa kimelegea kama ulimi, na kutoka katikati yake yalikuwa yanadondoka matone yanayowaka, moja baada ya jingine, yakifika kwenye majivu yanaendelea kuwaka. Vijana walicheka. Mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kubwa zaidi, nikamwambia, "Mama, umepata taa bila luku."

Basi jibu ni hilo, Aika. Nilijua. Nilijua siku ya pili ya kazi, na kazi ilichukua miezi mitano.

Jioni ile nilichukua kipande nikampelekea Mzee Jagjit. Alikinusa, akakikwaruza kwa kucha.

"Hii ya mabango ya duka," akasema. "Wewe unaweka wapi?"

"Ghorofani, Mzee. Fleti."

"Watu watalala ndani?"

"Watalala fofofo."

Hapo ndipo aliponizaba lile kofi. Alikuwa mzee tayari, mkono ulikuwa mwepesi, lakini kilemba chake kilisogea akakirudisha taratibu. "Mwambie bosi wako hapana," akasema.

"Nikimwambia hapana ataleta fundi kutoka Arusha."

"Mwache alete."

Nilikwenda kwa bosi asubuhi. Nakuapia nilikwenda, na nilikuwa na kipande mfukoni. Nilimkuta amesimama chini ya jukwaa, ameinua kichwa, anatazama zile paneli kumi za mwanzo. Kabla sijasema kitu akaniwekea mkono begani. "Fundi," akasema, "ukuta huu utaonekana mpaka Himo. Watu watauliza nani kafanya." Mimi huyu, niliyechekwa kwa sababu ya kibao cha kileleni, nikausikia ule mkono begani, nikasema, "Watauliza sana, bosi." Kipande kikabaki mfukoni. Hakunilazimisha. Hakuniuliza hata. Siku zote nimekuwa nikijiambia kwamba angenifukuza, lakini sijui. Sikumpa nafasi ya kunifukuza.

Nikazifunga zote. Nikazifunga vizuri sana, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Huo ndio ubaya wangu, hata kosa nalifanya kwa ustadi.

Halafu akaja Mama Felista.

Wewe unamwita Bibi Felista na unamjua kuliko mimi, lakini siku ile ya kwanza hukuwepo. Alikuwa amestaafu ukunga mwaka ule, amepata kiinua mgongo chake, anatafuta mahali pa tambarare karibu na hospitali kwa ajili ya nyonga. Shambani kwao huko juu kuna mteremko kila unapokanyaga. Alipanda ngazi za jengo akipumzika kila baada ya ngazi tano, mimi nikiwa kwenye jukwaa nje ya dirisha la ghorofa ya tatu, nafunga paneli za mwisho. Akafungua dirisha.

"We kijana, shuka hapo usije ukanipa kazi, nimestaafu."

"Shikamoo, mama. Mimi sianguki, labda jengo."

"Marahaba. Hebu niambie, hiki kitu mnachobandika, kikipata moto kinafanyaje?"

Sikiliza, mwanangu. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuuliza. Wenye fleti kumi na nane wote waliuliza habari za maji, maegesho na majirani. Yeye peke yake, kwa sababu alishawauguza watu walioungua, aliuliza swali lenyewe, tena alimuuliza mtu mwenyewe. Na mimi nikasema, "Mama, hizi hata shetani akizipeleka kwake zinarudi bila kubabuka." Alicheka mpaka akashika nyonga. Akaninunulia soda. Wiki ile ile akalipia fleti hiyo hiyo ya ghorofa ya tatu, maana za chini zilikuwa zimeshauzwa.

Baadaye ukaanza kumpelekea maziwa. Akakufundisha kuhesabu mapigo ya moyo kwa saa yake ya kubandika kifuani. Ukawa unakuja nyumbani unanishika mkono, unatazama saa ya ukutani, unaniambia, "Baba, una sabini na mbili, utaishi." Uuguzi wako ulianzia kwenye sebule ile. Kila ulipokuwa unachelewa kurudi kwake, mimi nilikuwa nafurahi na kuumwa kwa pamoja, na wewe ukidhani nina wivu.

Wakaguzi wa majengo wamekuja mwaka huu. Uliwaona. Walikata tundu kubwa kama sahani karibu na dirisha lake, wakaenda kuchoma kile kipande kwenye ndoo uani, wenye fleti wamezunguka. Yale matone niliyoyacheka mimi siku ya mtori, wao hawakucheka. Wakaandika kwamba paneli zote zishuke. Mpaka zishuke, hakuna mkaa wala gesi kibarazani, na lazima awepo mtu macho kila saa akizunguka jengo, usiku na mchana, kwa zamu. Wapangaji wa juu wakahama mwezi ule ule. Yule mwalimu wa ghorofa ya tano alikwenda benki kukopa kwa hati ya fleti yake, wakamwambia jengo lile halikopesheki. Mama Felista alikuwa amempata mnunuzi, auze akafanyiwe upasuaji wa nyonga na kuhamia kwa mwanawe Kahe, kwenye tambarare kweli. Mnunuzi akaja, akaliona lile tundu, akasema anapokea simu, akatoka moja kwa moja. Chai yake ilipoa mezani.

Wewe ndiye uliyeniambia, "Baba, Bibi analala na viatu." Ulimkuta asubuhi kitandani amevaa viatu vya kamba na kitenge kimefungwa kiunoni, fimbo ubavuni. Alikwambia kwamba kwa nyonga yake anahitaji dakika nyingi ngazini, hataki kupoteza hata moja akitafuta kiatu. Siku hiyo hiyo ndipo uliponiuliza. Kwa hiyo unaelewa nilichokijibia utani.

Kuna jambo lile la kikao, wiki moja kabla hujaniuliza, lililomshangaza kila mtu. Wenye fleti walikaa na bosi uani, wakaguzi wakiwepo, wakimtaka ashushe paneli kwa gharama yake. Bosi akasema yeye hakujua, waliochagua ni mafundi, na wenye fleti waliziona wakaridhika. Mimi nilisimama nyuma, karibu na tangi la maji. Watu wote wakamgeukia Mama Felista. Walijua ana karatasi ya maelezo yake. Alikuwa ameshawaambia kwamba fundi mwenyewe alimhakikishia kwa mdomo wake, na kwamba anataka wakaguzi waniulize mimi mbele ya bosi nani alinituma kusema vile. Alishaniambia hata mimi, ngazini, bila hasira: "Aloyce, nitalisema lile neno lako. Siyo kwa ubaya, baba. Nataka wakuulize, ili na wewe upate kusema." Alinifungulia mlango yule mama. Ningeulizwa, ningejibu, bosi angebanwa.

Kikaoni alikaa na karatasi yake imekunjwa mapajani. Mwalimu akamwambia, "Mama, soma." Akatikisa kichwa. "Sina la kusema," akasema. "Limeshaisha." Bosi akafunga daftari lake. Wenye fleti wameambiwa kila mmoja ashughulikie ukuta wake. Mama Felista hana uwezo huo, na ukuta wake uko vilevile, na viatu viko vilevile.

Ulirudi nyumbani siku ile ukasema labda wamemtisha. Nikasema labda.

Hawakumtisha, Aika.

Kesho basi lako likiondoka sitarudi nyumbani moja kwa moja. Nitapanda zile ngazi, nitamwambia Mama Felista la mama lishe, la kofi na la kipande mfukoni, halafu nitamwomba anirudishie kitu ambacho sijawahi kusikia Mchagga yeyote akiomba kirudishwe. Akishanirudishia nitakwenda kwa wakaguzi na jina langu lote. Sijui watanifanya nini. Ukisikia huko Mbeya watu wanasema fundi Aloyce ameharibikiwa, usinitetee. Nitakaporudi hapa kutakuwa na sufuria moja, kikombe kimoja, na redio. Nitaizoea. Ninachoogopa ni kwamba utakuja likizo, utakaa kwenye kiti chako, na utanisikiliza kwa adabu kama mtu anayemsikiliza mlevi.

Na ungekuwa na haki. Maana umeuliza kama nilijua, ukidhani hilo ndilo kubwa. Kuna kubwa kulishinda, na wewe umo ndani yake.

Jumamosi moja kabla ya kikao, nilikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, shamba la migomba la bibi yako, nikalifunga fundo. Unajua mila yetu: mkosaji anakwenda mwenyewe, au na mtu mzima anayejua habari yote, anataja kosa lake, anatoa isale. Anayepelekewa hawezi kukataa, na akishapokea, jambo lile halisemwi tena mpaka kaburini. Bibi yako aliniona nalikata akaniuliza, "Unakwenda kwa nani?" Nikamwambia ni mambo ya mjini. Akasema, "Basi ukataje kosa, Aloyce, jani peke yake halina mdomo." Sikutaja. Sikwenda. Nilikuita jikoni nikakupa, nikasema mpelekee Bibi Felista, mwambie baba anaomba yaishe. Ukauliza, "Yapi, baba?" Nikasema ya wakubwa. Ukadhani ni ule ugomvi wangu naye wa zamu za maji kwenye tangi la uani kwao, tunapochota, ukafurahi kwamba baba yako amejifunza kuomba radhi, ukabadilisha na gauni.

Nilikutuma wewe kwa sababu nilijua anakupenda, na kwamba asingekuuliza mara mbili, na akishalipokea asingeweza kulisema neno langu kikaoni. Ulirudi na mfuko wa ndizi mbivu. Ukasema, "Bibi kalipokea kwa mikono miwili, baba. Kalia kidogo. Kasema yamekwisha." Nikasema safi sana, mwanangu. Nikachukua ndizi, nikala mbele yako, nikakusifia.

Aloyce, baba yako